Handaki la Madina na Birika la Mtaa: Darsa ya Uongozi, Subira na Kubuni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Swahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, darsa yetu ya leo imezaliwa na mkutano. Katika mtaa mmoja wa mji wetu watu wa msikiti walikusanyika baada ya sala ya Isha kushauriana juu ya maji. Kisima kimeingia chumvi, maji ya bomba huja siku moja yakakatika siku tatu, na fedha za msikiti huishia kwa wauza maji wa mikokoteni. Akasimama kijana mmoja, fundi mwashi, akasema: Paa letu ni pana, na mvua za masika zote hutiririkia barabarani. Na tutie mifereji ya bati ukingoni mwa paa, maji yaingie katika lile birika la zamani, baada ya kulisafisha na kuziba nyufa zake.

Kabla hajaketi, mzee mmoja mheshimiwa alimjibu kwa maneno mawili. La kwanza: "Hayo hatukuyakuta kwa wazee wetu." La pili alilisema kwa sauti ndogo, walakini watu walilisikia: "Na mwenyewe ni mgeni, kaja juzi tu." Kijana akaketi. Mkutano ukafungwa kwa dua, na asubuhi mikokoteni ikaja kama desturi.

Hatuandiki haya ili kumfedhehesha mtu. Mzee yule ni mtu wa kheri, na msikiti ule umesimama kwa jasho lake. Twayaandika kwa sababu maneno mawili yale husemwa katika kila mtaa, na kila yasemwapo jambo jema hufa. Basi natuyapime kwa mizani ya sira ya Mtume (S.A.W.), tuone yana uzito gani.

Katika mwezi wa Shawwal, mwaka wa 5 wa Hijra (627), ilifika Madina habari ya kutisha. Wakuu wa Bani Nadhir, waliokuwa wamehamishwa Madina, walikwenda Makka kuwachochea Makureshi, kisha wakawaendea watu wa kabila la Ghatafan na kuwaahidi mavuno ya Khaibar. Likakusanyika jeshi la watu wapatao 10,000, na mkuu wa Makureshi ni Abu Sufyan. Waislamu walikuwa kiasi cha 3,000, na mwaka wa njaa ulikuwa umewashika.

Mtume (S.A.W.) akawataka shauri Swahaba zake. Akasema Salman Al-Farisy (R.A.) kwamba kwao Uajemi, wakiogopa kuzingirwa na wapanda farasi, huchimba handaki. Waarabu hawakuwa na desturi hiyo katika vita vyao. Na Salman alikuwa nani? Hakuwa Mkureshi, wala mtu wa Madina, wala Mwarabu. Alikuwa mgeni aliyeuzwa utumwani, ambaye punde tu alikuwa amekombolewa, na vita hivyo ndivyo vya kwanza alivyohudhuria. Mtume (S.A.W.) hakumwuliza nasaba yake. Alilitazama shauri lenyewe, akaliona ni jema, akalishika.

Wala hawakuchimba mji mzima. Mashariki na magharibi ya Madina kuna nchi ya mawe meusi ya volkano, ambayo farasi haendi mbio juu yake, na upande wa kusini kulikuwa na mitende na majumba yaliyosongamana. Ulioachwa wazi ni upande wa kaskazini. Basi wakachimba huko, na jabali la Sala likawa nyuma yao. Kubuni kwa mwenye akili ni kama hivi: hutazama alicho nacho, akaiacha kazi ambayo Mungu amekwisha kumfanyia, akaifanya iliyobaki.

Natutazame sasa mafundisho manne.

Fundisho la kwanza ni la uongozi. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwa Al-Baraa bin Azib (R.A.) kwamba alimwona Mtume (S.A.W.) siku hizo akibeba mchanga hata vumbi likamfunika tumbo lake. Na Jabir (R.A.) amepokea ya kuwa palipotokea mwamba mgumu uliowashinda wachimbaji, alishuka Mtume (S.A.W.) mwenyewe, na tumbo lake limefungwa jiwe kwa njaa, akaupiga hata ukavunjika. Leo katika vyama vyetu tuna wenyeviti, na makatibu, na watunza hazina. Walakini siku ya kubeba mchanga huonekana watoto wa madrasa peke yao. Mwenye kutaka kutiiwa katika mambo mazito, na aonekane kwanza katika mambo ya vumbi.

Fundisho la pili ni la ushauri. Mazingira yalipowabana, Mtume (S.A.W.) aliwaza kuwapa Ghatafan theluthi ya tende za Madina ili waondoke. Kabla ya kulithibitisha jambo hilo aliwaita Saad bin Muadh na Saad bin Ubada (R.A.), wakuu wa Ansari. Nao wakamwuliza: Je, hii ni amri ya Mwenyezi Mungu, au ni jambo ulitendalo kwa ajili yetu? Alipowajulisha kuwa ni kwa ajili yao, hawakuridhika kutoa mali yao kwa kuogopa. Mtume (S.A.W.) akaipokea rai yao, na Saad bin Muadh akaitwaa ile sahifa na kuyafuta maandishi yake. Basi ikiwa Mtume wa Mungu amekubali kuiacha rai yake, nani katika sisi asiyeweza kuiacha yake?

Fundisho la tatu ni la subira na imani. Kuzingirwa kulidumu zaidi ya siku ishirini, katika baridi na njaa, na Bani Quraidha wakavunja ahadi yao nyuma ya mji. Hapo watu walijulikana. Sura ya 33 katika Kurani, Al-Ahzab, imepewa jina kwa makundi yale, na ndani yake zimesimuliwa hali za walioamini na za wale waliotafuta udhuru ili warudi majumbani. Subira yao haikuwa kukaa kitako na kungoja. Walilinda handaki zamu kwa zamu, usiku na mchana. Kisha Nuaim bin Masud (R.A.), mtu wa Ghatafan aliyesilimu kwa siri, akatia shaka baina ya maadui; na mwisho Mwenyezi Mungu akapeleka upepo mkali wa baridi ukapindua vyungu na kung'oa mahema, na makundi yakaondoka. Zingatia utaratibu huu, ndugu: upepo ulikuja baada ya handaki. Mwenye kungoja upepo bila ya kuchimba hakumtegemea Mungu, bali ameutegemea uvivu wake.

Fundisho la nne ni la kubuni, na hapa yatupasa kusema kwa uangalifu. Yawezekana mtu akatuuliza: Ninyi ndio mnaokataza uzushi kila siku, mbona leo mwasifu mambo mapya? Jawabu limo katika swali la wale Saad wawili. Wao walipambanua baina ya amri iliyoteremshwa na jambo la rai. Ibada zetu zimekwisha kamilika: hapana ruhusa ya kuongeza rakaa wala kupunguza. Ama njia za kuchota maji, na kujenga, na kufundisha watoto kuandika, na kulinda mji, hizo zimeachiwa akili zetu, maadamu hazivunji amri ya Mungu. Handaki lilikuwa desturi ya Waajemi, watu waliokuwa wakiabudu moto, na hilo halikumzuia Mtume (S.A.W.) kulichimba. Msiba wetu ni kwamba tumeyageuza haya: katika ibada, ambamo tumekatazwa kuzua, twazua, na katika dunia, ambamo tumeruhusiwa kubuni, twasema "hatukuyakuta kwa wazee wetu".

Na je, ni kweli hatukuyakuta? Lile birika ambalo kijana alitaka kuliziba nyufa, nani aliyelijenga? Siku lilipochimbwa lilikuwa jambo jipya. Wazee wetu wa pwani walichonga mawe ya matumbawe, wakachoma chokaa, wakatengeneza visima na mabirika kwa akili zao. Hata neno letu "handaki" ni lile lile "khandaq" la Waarabu, nao walilitwaa kwa Waajemi. Na wakaao Mombasa walipitapo Ngome, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, huliona handaki lililochongwa katika mwamba upande wa bara. Wazee wetu walituachia birika ili tunywe na ili tujifunze kujenga. Tukilitazama tu hali limepasuka, hatukuwaheshimu.

Ama lile neno la pili, la "mgeni, kaja juzi", hilo ni zito zaidi, kwani la kwanza huua shauri, na la pili huua moyo wa mtu. Ndugu zangu, miji yetu yote imejengwa na waliokuja. Tofauti ni kwamba baadhi yetu walikuja zamani na wengine juzi. Lau Madina ingalimnyamazisha Salman kwa sababu hana ukoo hapo, farasi wa Makureshi wangaliingia mjini. Na nani ajuaye ni handaki ngapi hazikuchimbwa katika mitaa yetu kwa sababu aliyejua kuzichimba aliambiwa aketi?

Basi twatoa nasaha, na sisi wenyewe tukiwa wa kwanza kuihitaji. Wazee na wamwite tena kijana yule, wamkalishe mbele, wamwambie aeleze kazi yake na gharama yake. Naye kijana asiondoke kwa hasira, kwani Salman alipita katika mikono ya mabwana wengi kabla ya kupewa nafasi ya kusema, wala hakuichukia haki. Na kazi itakapoanza, mwenyekiti na ashike ndoo ya kwanza.

Maswali ya kujadiliana katika darsa:

1. Ni jambo gani katika mtaa wako lililokataliwa si kwa ubaya wake, bali kwa sababu ya aliyelisema?

2. Taja mambo mawili ya ibada na mawili ya dunia, ueleze mahali ambapo rai ina ruhusa na mahali ambapo haina.

3. Katika mwaka huu uliopita, ni mara ngapi umengoja upepo bila ya kuchimba?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, hata ikitoka katika kinywa tusichokitazamia, na atupe mikono isiyochoka. Amin.