Salamu za Pongezi na Uhalali wa Rais

Swali: Matokeo ya urais yakibishaniwa, pongezi za marais wa kigeni zina nguvu gani?

Jibu: Kisheria, ndugu msomaji, hazimpi mtu urais, lakini taathira yake si haba. Katika Kodivaa, Desemba 2010, matokeo yakibishaniwa, Rais Laurent Gbagbo alikula kiapo ikuluni, naye mpinzani wake Alassane Ouattara akala chake kwa barua (ajabu hiyo!) kutoka hotelini, na Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika na jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, walipomtambua Ouattara, benki kuu ya pamoja ya Afrika Magharibi ikawapa watu wake idhini ya kutia saini hesabu za serikali, hata Gbagbo, ingawa jeshi alikuwa nalo, akataabika kulipa mishahara. Hata hivyo hakuondoka ila kwa mizinga, Aprili 2011.