Jaji Asiyeruhusiwa Kupima Adhabu

Watu wa Shinyanga na Geita hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha ubaya wa kuua. Wamewazika vikongwe waliokatwa mapanga kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Wameona makaburi ya watu wenye ualbino yakifunikwa kwa saruji, mifupa isije ikaibwa. Mwezi wa Desemba 2008 kijana wa miaka 14 mwenye ualbino aliuawa wilayani Bukombe, ambayo wakati ule ilikuwa ya mkoa wa Shinyanga na leo ni ya mkoa wa Geita. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu 3 kunyongwa. Wengi walishusha pumzi. Nani angewalaumu?

Hata hivyo, yafaa tuulize: je, jaji aliichagua adhabu ile? La, hakuichagua, wala hakuwa na ruhusa ya kuchagua. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu chaamuru kwamba aliyethibitika kuua kwa kukusudia ahukumiwe kifo. Wanaoepushwa ni mwanamke mjamzito, na yule aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18.

Tuwatazame watu wawili. Wa kwanza amekodiwa kwa fedha. Amevizia usiku, amekata kiungo cha mtoto akakipeleka sokoni kama bidhaa. Wa pili ni kijana aliyefiwa na mama; mganga amemwambia kwamba jirani fulani ndiye mchawi, naye baada ya siku kadhaa za uchungu na hofu akaenda kumwua bibi yule. Wote wawili wamemwaga damu isiyo na hatia, na wote wastahili adhabu kali. Lakini je, hatia yao ni sawasawa? Kila mzazi anayewarudi watoto wake ajua kwamba huuliza kwanza: nani alianza, nani alishawishiwa, nani ametubu? Jaji akishawaona wote wawili kuwa wauaji wa kukusudia, hana nafasi ya kupima mambo hayo katika kutoa adhabu. Kwa wote kamba ni ile ile.

Mataifa yasemaje? Mwaka 1976 Tanzania iliingia katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Kifungu chake cha 6 hakikufuta adhabu ya kifo mara moja. Chaitaka ibaki kwa makosa makubwa kabisa, na aliyehukumiwa awe na haki ya kuomba msamaha. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania. Ilisema mambo mawili: kwanza, kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwavunja haki ya kuishi, pili, kunyonga kwadhalilisha utu wa binadamu. Majirani walikwisha kuiona njia hiyo: Uganda kwa hukumu ya mwaka 2009, na Kenya kwa hukumu ya mwaka 2017, ziliondoa ulazima huo.

Wako watakaosema, “Mbona hanyongwi mtu?” Ni kweli, Tanzania haijanyonga tangu mwaka 1994, na mwaka 2017 Rais Magufuli, mzaliwa wa Chato mkoani Geita, alisema hadharani kwamba hataidhinisha kunyongwa kwa mtu. Lakini huruma ya rais mmoja si sheria. Rais hupita, na kifungu hubaki.

Wengine watasema kwamba tunawatetea wauaji. Sivyo. Mwuaji afungwe, hata maisha yake yote, na mtoto mwenye ualbino alale salama. Twaomba tu kwamba anayehukumiwa atazamwe yeye na tendo lake. Mwaka 2018 Kanisa nalo, kwa agizo la Papa Fransisko, lilibadili Katekisimu yake na kufundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa heshima ya mtu haipotei hata akitenda maovu makubwa.

Wazazi, jioni ya leo zungumzeni jambo hili na watoto wenu. Wauaji wa Bukombe walimwona kijana yule kuwa kitu, si mtu. Tukitaka kosa hilo lisirudiwe, sheria yetu isianze kwa kufumba macho mbele ya mtu, hata awe mwovu.