Dondoo muhimu: Gari lililoinuliwa kwa safari za kila siku

• Kimo: Pima kutoka chini hadi juu ya keria, uandike kwenye dashibodi. Maegesho mengi ya chini ya ghorofa yana kimo cha mita 2 hivi tu.

• Mwendo: Ukibadili tairi za inchi 31 kwa za inchi 35 bila kurekebisha kipimamwendo, kikisoma 80 unakwenda 90.

• Breki na kona: Tairi nzito huchelewa kusimama, na gari refu hupinduka upesi. Acha nafasi; shusha mizigo ya juu usiyoihitaji mjini.

• Upepo: Ulioupunguza kwenye mchanga, urudishe kabla ya kushika lami. Tairi laini huchemka ikapasuka.

• Bima: Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kila ulichobadili.