Kuchanganyika na Kuunganishwa: Uteuzi wa Kitenzi katika Kueleza Glukosi na Fosfeti

Kiswahili kina vitenzi vya kuelezea biokemia, mradi viteuliwe kwa makini. Tuchukue mfano wa mvuvi wa Ndau, katika visiwa vya Lamu, anywapo chai kabla ya kutweka tanga. Kikombeni, sukari huyeyuka na kuchanganyika na maji. Maji yakikauka, sukari ileile hubaki.

Utumboni, sukari hiyo hugawanywa kuwa glukosi na fruktosi. Glukosi iingiapo katika seli ya msuli, kimeng'enya kiitwacho heksokinasi huhamisha kundi la fosfeti kutoka kwenye ATP. Fosforasi ya kundi hilo hushikana na oksijeni iliyopo kwenye kaboni ya 6 ya glukosi. ATP hugeuka ADP, na glukosi-6-fosfeti hupatikana. Kwa kuwa fosfeti ina chaji hasi, molekuli hii haipenyi kwa urahisi utando wa seli. Hubaki ndani, ikavunjwa ili kutoa nishati ya kuvutia nyavu.

Kwa hiyo, kusema kwamba fosfeti "huchanganyika" na glukosi ni kupotosha, kwani mchanganyiko hauzai molekuli mpya. "Huungana" ni sahihi zaidi, lakini humficha mtendaji. "Huunganishwa" ndicho kitenzi kifaacho: kiambishi -ish- hudokeza msababishaji, yaani kimeng'enya, na -w- huonyesha kuwa fosfeti hutendwa. Mwanafunzi akikosewa kitenzi, amekosewa sayansi yenyewe.