Mdogo Wangu, Usiile Februari Mwezi wa Nane

Haya, vuta kigoda usogee. Kipupwe kimeingia, asubuhi hapa Berega ukiongea mdomo unatoa moshi, mahindi yameshapukuchuliwa, na ninyi wadogo zangu mmeshaanza. Nawajua. Viatu vimepigwa dawa, wigi limeagizwa mjini, na kila anayenipata, iwe bombani, iwe kwenye foleni ya hospitali, iwe kwa meseji saa nne ya usiku, ana swali lile lile: dada, wiki ya maonyesho ya Nane Nane nataka niende Morogoro nikale bata kidogo, ni vibaya?

Si vibaya. Naanza na jibu ili mtu asisome nusu akaenda kusema dada kanikataza.

Mtu aliyeinama na jembe tangu mvua za kwanza, mwalimu anayesahihisha madaftari themanini, nesi wa pale misheni aliyekesha zamu ya usiku wodi ya wazazi, wote wana haki ya kukaa mahali ambapo hakuna anayewaita. Umewahi kufikiria jambo hili? Mwanamke wa kwetu anaweza kufika miaka arobaini hajawahi kuwekewa sahani ya chakula mbele yake na mtu mwingine, ila siku alizojifungua. Anapika, anapakua, anakula mwisho, anaosha. Kwa hiyo ukiniambia unataka siku moja ukae kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe wa watu, uletewe kuku na ndizi za kuchoma na kachumbari, halafu unyanyuke uache vyombo pale pale, mimi sikushangai. Nakuuliza tu: kwa hela gani?

Na hao wakubwa wanaowaambia mitoko ni mambo ya watoto wa siku hizi, waulizeni kwa heshima, shikamoo kwanza, nani alikuwa anajaza kumbi za Morogoro enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mbaraka alihama bendi ile 1973 akaanzisha Super Volcano, akafariki 1979, na mpaka leo wimbo wake ukipigwa redioni kuna bibi fulani hapa kijijini anaacha kupepeta, anatikisa bega. Hakujifunzia kanisani kule kutikisa bega.

Sasa nikupe la kwangu, unicheke.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka ule shamba lilikubali, tukapata magunia nane mimi na mama. Mwezi wa saba wanunuzi walikuja na Fuso mpaka mlangoni, kama kawaida yao, maana wanajua mwezi ule kila nyumba ina shida ya hela na kila nyumba ina mahindi. Mahindi yakiwa kila mahali bei inalala chini. Nikauza matatu, tena kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu kama bwana harusi, kilemba ambacho hulipwi. Mama alisema neno moja tu, "Matatu?" Nikamwambia nitarudisha.

Nikaenda Morogoro na shoga yangu. Tuliingia viwanja vya maonyesho, tukaona ng'ombe wa maziwa wa kisasa, tukapewa vipeperushi vya mbegu ambavyo tulijipepea navyo. Jioni tukaenda sehemu yenye taa za rangi. Nakumbuka ile sahani mpaka leo. Ya chuma, ndefu kama yai. Kuku nusu, chipsi, vipande vitatu vya tango vimepangwa kama feni, chumvi kwenye kikaratasi kilichosokotwa. Mhudumu akaleta beseni na jagi la maji ya uvuguvugu, akaninawisha. Mimi, akaninawisha! Nilijisikia kama mke wa mkuu wa mkoa. Nikaagiza na ya pili, nikawalipia na watu wa meza ya jirani ambao hata sikuwajua, kwa sababu mmoja wao alisema ninapendeza.

Siku nne. Tulirudi na nauli ya kubahatisha.

Mwezi wa pili ukafika. Mnaujua mwezi wa pili wa kwetu: mahindi ya shambani bado mabichi, ghala limebaki panya na vumbi, na debe lile lile uliloliuza kwa unyonge sasa linauzwa kwa maringo. Nililinunua karibu kwa mara mbili ya bei niliyouzia, na nililinunua kwa yule yule niliyemuuzia. Lakini si hilo lililoniuma. Lililoniuma ni mama. Hakugomba. Alikuwa na kikombe cha bati anachopimia unga, na siku moja nilimwona anakijaza, anakitazama, halafu anarudisha kidogo kwenye ndoo kwa vidole vitatu. Ugali wa siku hiyo ulikuwa mdogo, na yeye akasema hana njaa. Mdogo wangu, kuku yule wa Morogoro nilimtapika siku hiyo moyoni.

Ndiyo maana nakwambia, usiile Februari mwezi wa nane. Kabla hujaweka nguo kwenye begi, simama mbele ya magunia yako uhesabu midomo. Nyumba yenu mko wangapi, mnakula debe ngapi kwa mwezi, na kuna miezi mingapi mpaka mahindi mapya. Gunia la halali ni debe sita, usijidanganye kwa lumbesa. Weka ya chakula, weka ya mbegu, weka moja la ugonjwa, maana mtoto haumwi kwa ratiba. Kinachobaki, hicho ndicho unachoweza kukila mjini, na hata hicho usikiuze chote siku moja. Bei ya Julai na bei ya Desemba hazisalimiani.

Najua kuna atakayesema, dada, mimi silimi, nina mshahara. Haya, wewe nawe unayo Februari yako. Ni tarehe kumi na tano ya kila mwezi. Mshahara umetoka tarehe ishirini na tano, wikiendi ya kwanza uko mjini, wikiendi ya pili uko Dumila, halafu katikati ya mwezi unakopa kwenye simu ili ununue mkaa. Tena huo mkopo wa simu ndio unaonitia homa. Kuna kinadada wamekopa ili wakapige picha kwenye bwawa la kuogelea, wakarudi wakakuta wenye mkopo wanampigia mkwe wao, wanampigia mchungaji, wanampigia kila namba iliyomo kwenye simu. Watu hawakukosea kuiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, sitini na tisa, na wewe unabonyeza "kubali" bila kusoma kwa sababu gari linaondoka. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, nami sioni haya kulirudia mbele ya wakwe.

Na hizo picha. Sikukatazi kupiga. Ila nimewaona mnavyofanya: chakula kinafika cha moto, mnakizungushia simu mpaka mafuta yanaganda, mnaweka kwenye status, halafu badala ya kula mnahesabu nani ameona. Yule mliyegombana naye ameangalia? Ameangalia. Basi raha imeisha, na kuku hajaguswa. Uliuza mahindi ili mtu mwingine ashibe kwa macho.

Kuna kundi la pili, na hawa nawaonea huruma zaidi. Hawa hela wanayo, tena ya halali, lakini wakila nje wanajisikia wameiba. Mmoja wenu aliniambia hula chipsi Dumila, anafuta mdomo, anatafuna karafuu, anafika nyumbani anapakua ugali tena ili wasijue. Mpaka mume akaanza kuuliza mbona shati lako linanukia mafuta. Unaona sasa? Kitu kisicho dhambi kimefichwa mpaka kikafanana na dhambi. Sema. "Leo nimepita Dumila nimekula, nimewaletea mahindi ya kuchoma." Watanuna robo saa. Na sisi Wakaguru tunaohesabu ukoo kwa mama tuna mjomba wa kila kona, kwa hiyo atatokea mmoja wa kukusema. Mpe hindi lake, atanyamaza akitafuna.

La tatu, na hapa naomba unitazame usoni. Kutolewa. Kuna mtu amekwambia, jiandae Jumamosi nikutoe Morogoro. Vizuri. Pendeza, nenda. Lakini nauli ya kurudi ikae kwako. Si kwenye pochi yake, si "tutaona hukohuko". Kwako, imekunjwa, ndani ya sidiria ukipenda. Mwanamke asiye na nauli ya kurudi anacheka vichekesho visivyochekesha, anakubali soda ya tatu, na giza likiingia anaambiwa magari yameisha. Stendi ya Msamvu magari hayaishi kirahisi hivyo, ila wewe mgeni hujui. Ondoka jua likiwa bado lipo, maana ukishushwa njia panda usiku unabaki wewe, bodaboda usiyemjua, na barabara ya vumbi mpaka kijijini. Tena ubebe sweta.

Sasa mnaniuliza, basi dada tutoke wapi ambako hakutatuua? Mimi nawashangaa mnavyodhani raha lazima iwe na taa za rangi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ni ya mwaka 1964, kilomita za mraba 3,230, sehemu yake imo humu humu wilayani Kilosa. Wazungu wanapanda ndege usiku kucha kuja kuiona, na ninyi mmezeeka mnaisikia redioni. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya anachotozwa mgeni. Miezi hii ya kiangazi ndiyo yenyewe: nyasi zimekauka, maji yamepungua, wanyama wanasogea pamoja, uwanda wa Mkata unauona mpaka macho yachoke. Gharama kubwa ni gari. Walimu fulani wa huku walifanya jambo la akili: wakaanzisha upatu, kila mtu kidogo kila mwezi tangu Januari, wakakodi Kosta, wakapika pilau usiku wakaliweka kwenye mahotipoti. Wakala mahali panaporuhusiwa kushuka, wakawatazama viboko wakipiga miayo. Mmoja aliniambia kitu ambacho sijakisahau: maisha yake yote alimjua tembo kama mwizi wa mahindi, siku ile ndiyo mara ya kwanza kumtazama bila kushika debe la kupigia kelele.

Na ukiwa huna hata hiyo ya upatu, siku unayokwenda Iringa kwenye shughuli zako, omba kiti cha dirishani. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa kilomita kama hamsini, dereva analazimika kupunguza mwendo, twiga na swala na nyani wako pale pale, hulipi senti. Kuna bango la faini za kugonga wanyama, zimeandikwa kwa dola. Soma uone kwamba pale porini kuna kiumbe mwenye thamani kuliko unavyodhani.

Au fanya hivi. Dada yako au kaka yako aliyeko Dar, anayesema kila mwaka hana nafasi ya kufika nyumbani, mwambie mkutane Morogoro. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inamfikisha hapo kwa saa mbili hivi, na nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa shilingi 13,000. Hana kisingizio. Wewe chukua gari la asubuhi, kaeni mchana mzima chini ya milima ya Uluguru, kuleni samaki mmoja wawili, ulizaneni habari za mama bila mama kuwepo. Huo ni mtoko. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana, tukalia kidogo, tukacheka sana, na bili ilikuwa ndogo kuliko ile ya sahani ya chuma.

Nenda, mdogo wangu. Hesabu magunia kwanza, nauli ifiche, simu iweke mfukoni chakula kikiwa cha moto. Ukikuta kuku ni ghali, kula nusu, hakuna anayekujua pale. Na kabla hujapanda gari la kurudi pale Msamvu, nunua mkate mmoja mkubwa, ule wa kukatwa. Mama yako hajauomba, lakini tangu asubuhi anatazama njia.