Kijana, kabla ya kushika jembe Kilosa, uliza ardhi ni ya nani

Limekuwa jambo la kawaida kumsikia kijana wa Dar es Salaam au Morogoro mjini, aliyechoka kuzunguka na bahasha ya kuomba kazi, akisema: “Nakwenda kulima Kilosa.” Tangu treni ya umeme ilipozinduliwa Agosti 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ikiwa na kituo Kilosa, safari nayo imerahisika. Nia hiyo ni njema, kwani kilimo ni chumo la halali. Lakini nia njema bila elimu imewafilisi wengi.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuuliza kwanza bei ya mbegu. Swali la kwanza ni hili: ardhi hii ni ya nani?

Kilosa ina historia nzito katika jambo hili. Desemba 8, 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Aidha, wilaya hiyo ina mashamba makubwa ya mkonge yaliyotelekezwa kwa miaka mingi. Kijana mgeni huonyeshwa pori, akaambiwa halina mwenyewe, akatoa fedha na kulisafisha. Mahindi yakishabeba, anatokea mwenye hati, au linaingia kundi la ng’ombe na kumbe pale ni njia ya mifugo. Hapo atamlalamikia nani?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 iko wazi: Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa hiyo maneno ya mtu mmoja, hata awe kiongozi, hayatoshi. Nenda ofisi ya kijiji, uliza matumizi yaliyopangwa ya eneo lile, kisha ongea na majirani wa pande zote nne. Ukikodi kwa msimu mmoja, andikishianeni mbele ya mashahidi. Uislamu umetuhimiza kuandika madeni na mikataba. Vipi tuone haya kuandika shamba?

Swali la pili ni la maji. Kilosa hupata mvua za vuli na za masika, na katikati yake kuna kipindi cha jua. Anayepanda kwa kubahatisha huunguza mbegu. Na anayekimbilia bonde la Mto Mkondoa kwa sababu ya rutuba akumbuke mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyowaacha maelfu bila makazi na kuibomoa reli. Waulize wazee maji hufika wapi mwaka wa mvua kubwa.

Kwa upande wa Mikumi kuna swali jingine: wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na tembo hatambui mpaka wa shamba. Usiweke mtaji wako wote kwenye mahindi kando ya mapito yao. Baadhi ya vijiji jirani na Udzungwa vimejaribu uzio wa mizinga ya nyuki, kwani tembo huogopa nyuki, na mkulima hupata asali.

Kuhusu mbegu na utaalamu, Ilonga, hapo hapo Kilosa, kuna kituo cha utafiti na chuo cha kilimo. Ni ajabu kijana kupita karibu na mlango wa wataalamu akienda kumuuliza mwenye duka!

Anza na ekari moja. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shimo hadi shimo, mche mmoja kila shimo, ekari hiyo hubeba karibu miche 18,000. Hiyo ni kazi tosha ya kupalilia na kujifunza. Nunua daftari, andika kila shilingi inayotoka. Usiingie na mkopo wa riba ukitegemea mvua iulipe.

Mwisho ni soko. Kataa lumbesa, sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Na akija mnunuzi kutaka mazao yangali shambani, fahamu kwamba sheria yetu ina biashara ya salam: bei hulipwa yote papo hapo, na aina, kiasi na siku ya kukabidhi hujulikana. Kuuziana “shamba lote kama lilivyo” kabla mazao hayajaonyesha kukomaa kumekatazwa, na anayeumia mara nyingi ni mkulima mwenye njaa.

Ukivuna na nisabu ikatimia, usisahau zaka: sehemu ya kumi kwa kilichonyweshwa na mvua, nusu yake kwa kilichomwagiliwa kwa gharama.

Kijana, jembe linaweza kusubiri wiki mbili ukiuliza maswali haya. Msimu uliopotea haurudi, na damu iliyomwagika kwa ajili ya mpaka wa shamba haizoleki. Wabillahi tawfiq.