MTOTO AKOJOAYE KITANDANI: AFUNZWE USAFI, ASIAIBISHWE

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kama vile Kibokoni na Kuze, watu hukaa karibu karibu. Vichochoro ni vyembamba, na nguo zianikwazo huonwa na kila apitaye. Shuka yenye doa ikitungikwa asubuhi, siri ya mtoto haiwi siri tena: wenziwe humwita kikojozi na kumwimbia. Mtoto aliyekwisha kuonja aibu hiyo hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha. Hukunja shuka mbichi akaitia mvunguni, harufu ikazidi, na godoro likaharibika.

Yafaa wazazi wafahamu kwanza kwamba jambo hili si uvivu wala ukaidi. Katika kila watoto 100 wenye umri wa miaka 5, kadiri ya 15 hukojoa kitandani. Na kila mwaka upitao, kadiri ya 15 katika kila 100 ya hao huacha wenyewe. Usiku ubongo hutoa homoni ipunguzayo mkojo. Kwa watoto wengine homoni hiyo haitoshi. Wengine kibofu chao hakijaweza kuhimili mkojo wa usiku kucha, au usingizi wao ni mzito hata hawasikii haja. Mara nyingi baba au mama naye alikuwa hivyo utotoni. Basi fimbo haiwezi kuponya jambo litendekalo mtoto amelala.

Hata hivyo, kutomwadhibu si kumwachia mama kazi yote. Mtoto amwagaye maziwa hupewa kitambaa afute. Na huyu pia asaidie kusafisha. Tofauti ya wajibu na adhabu ni hii: adhabu humfanya mtoto ajione mbaya, lakini wajibu humwonyesha kwamba kilichoharibika chaweza kutengenezwa, na kwamba yeye mwenyewe aweza kukitengeneza.

Mambo ya kufuata ni haya:

1. Vitu viwe tayari kabla ya kulala. Chini ya shuka utandikwe mpira au karatasi ya nailoni, godoro lisilowe. Nguo kavu ziwekwe karibu na kitanda, na ndoo yenye kifuniko iwe chooni.

2. Kazi ilingane na umri. Mtoto wa miaka 4 au 5 avue nguo mbichi na kuzitia ndooni. Wa miaka 6 au 7 aondoe shuka, apanguse mpira, kisha aoge. Wa miaka 9 au 10 aweza kufua shuka yake na kutandika upya, mkubwa akimwangalia.

3. Afunzwe kufua sawasawa. Shuka isuuzwe kwanza kwa maji matupu, ndipo ifuliwe kwa sabuni. Maji ya visima vya chumvi hayatoi povu vizuri. Yafaa kwa kusuuza mara ya kwanza, na maji matamu, ambayo mara nyingi hununuliwa kwa madumu, yawekwe kwa sabuni na kwa kusuuza mara ya mwisho. Godoro lililolowa likandamizwe kwa kitambaa kikavu, lipanguswe, kisha lianikwe juani. Wakati wa masika nguo hazikauki upesi, basi ziwepo shuka mbili za zamu. Kwa mtoto wa Kiislamu, hili pia ni somo la tohara, kwa kuwa mkojo ni najisi na nguo ya sala yapasa kuwa safi.

4. Maneno yawe machache. Mama aseme, "Mwanangu, kitanda kimelowa, njoo tukitengeneze." Asihesabu siku, asimlinganishe na nduguye, wala asimtangaze kwa jirani. Shuka ikiisha kufuliwa, mtoto asifiwe kwa kazi yake.

Mtoto asinyimwe maji. Anywe ya kutosha mchana, apunguze jioni, aepushwe chai na kahawa usiku, na aende chooni kabla ya kulala. Choo kigumu nacho hukibana kibofu, basi ale matunda na mboga.

Lakini ziko dalili zitakazo daktari: mtoto aliyekuwa mkavu kwa miezi 6 au zaidi kisha akaanza tena, anayelowa mchana, anayeona maumivu akikojoa, mwenye kiu nyingi na kukonda, ambayo yaweza kuwa kisukari, au mwenye damu katika mkojo, ambayo yaweza kuwa kichocho, hasa kama ameoga katika mabwawa au mito ya bara. Huyo apelekwe zahanati au Hospitali Kuu ya Pwani bila kukawia.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja. Mtoto ajuaye kuamka, kuondoa shuka yake na kuifua bila kuogopa, hana haja ya kuficha kitu. Na siku atakapougua, atamwambia mama yake mapema.